Ndege Hapigwi Picha kwa Kukimbiliwa: Mwongozo wa Safari ya Picha katika Makazi ya Tropiki

Kuna safari mbili zinazofanana kwenye tangazo lakini hazifanani kabisa uwandani. Ya kwanza ni ya watazamaji wa ndege. Wanaamka usiku, wanatembea na darubini, ndege akionekana kwa sekunde tatu juu ya mti anaandikwa daftarini, kundi linasonga mbele. Ya pili ni ya wapiga picha. Kwao ndege wa sekunde tatu si kitu. Wanamtaka atue usawa wa macho, mwanga ukiwa mgongoni mwao, na nyuma yake kuwe na kijani kilichotulia badala ya fujo ya vijiti. Ukilipia safari ya kwanza ukidhani ni ya pili, utarudi na maelfu ya picha za mikia, na za matumbo yaliyopigwa kutoka chini.

Mwongozo huu ni wa safari ya pili, ile ya wiki moja au mbili inayopita msitu wa mvua, msitu wa milimani, vinamasi, mikoko na mbuga ukiwa na mtu wa kukuongoza. Nitakaa zaidi pale ambapo nimeona picha nyingi zikipotea. Mengine nitayapita haraka.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kulipa

Swali la kwanza ni hili: tutalala siku ngapi mahali pamoja? Safari inayohama kila siku ni safari ya barabarani. Mimi sikubali chini ya siku tatu kwa kituo kimoja. Siku ya kwanza unajifunza jua linatokea wapi na ndege wanapita wapi, ya pili unapiga, ya tatu unarekebisha ulichokosea jana.

Swali la pili ni idadi ya watu. Katika njia nyembamba ya msituni, wapiga picha wanne tayari ni wengi, kwa sababu tundu kati ya majani linalomwonyesha ndege mara nyingi linatosha mtu mmoja au wawili. Kwenye gari, uliza kama kila mtu ana safu yake ya viti, ili aweze kupiga upande wa kulia na wa kushoto. Kwenye mashua, uliza kama viti viko chini karibu na maji.

Tatu, uliza nani hasa anaongoza. Safari nyingi huwa na kiongozi ambaye ni mpiga picha, na pembeni yake mwenyeji anayeijua sauti ya kila ndege na mti gani umezaa wiki hii. Wote wawili wana kazi yao, ila nikilazimika kuchagua mmoja nitamchukua mwenyeji. Mipangilio ya kamera naweza kujisomea. Kujua kwamba bundi hulala kwenye kichaka kile cha mianzi siwezi kujisomea popote.

Hatua ya 2: Panga msimu kwa mnyama unayemtaka

Watu huuliza kama ni kiangazi au masika, lakini bora uulize kinachotokea msimu ule. Katika kinamasi kikubwa cha Pantanal nchini Brazil, miezi ya Julai hadi Oktoba maji hupungua na jagwa, paka mkubwa wa madoadoa, huonekana kandokando ya mito, ambako hupigwa picha kutoka kwenye mashua. Mvua nazo huleta manyoya ya kuzalia, vyura na majani mabichi. Msitu hupigika vizuri hata saa za mchana, kwa kuwa mawingu hulainisha mwanga. Usiiogope mvua. Jua kali la saa sita kwenye msitu ni baya kuliko manyunyu.

Mambo ya afya na mipaka yamalize mapema. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 kinahesabika kuwa cha maisha. Dawa ya kuzuia malaria zungumza na daktari kabla ya safari. Kitu kimoja ambacho wapiga picha hukisahau: nchi kadhaa zimepiga marufuku mifuko ya plastiki, zikiwemo Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Usitegemee mifuko ya dukani kufunika kamera. Beba mfuko wa turubai usiopitisha maji. Droni nayo iache nyumbani kama huna kibali, kwani hifadhi nyingi haziruhusu.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa kipimo cha mgongo wako

Kwa ndege unahitaji lenzi ya milimita 400 hadi 600. Lenzi ya 600 yenye f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi) huingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya ile ya f/6.3, na alfajiri msituni tofauti hiyo utaiona. Lakini ina uzito wa karibu kilo tatu, na huwezi kuizungusha haraka kwenye njia yenye matope. Kwa safari ya kupita makazi mengi napendelea lenzi ya kuvuta (zoom), ya 100 hadi 400 au 500, ninayoweza kuishika mkononi siku nzima. Kipanuzi, kile kipande kinachokaa kati ya lenzi na kamera ili kurefusha lenzi, kikiwa cha mara 1.4 hukunyang'anya nusu ya mwanga, na cha mara mbili hukuachia robo tu. Msituni kiache begini. Kitoe kwenye uwazi wa ziwa au mbuga.

Ongeza lenzi fupi kwa ajili ya mandhari na nyani wanaokaribia, na lenzi ya milimita 100 ya vitu vidogo kwa vyura na wadudu wa usiku. Stendi ya miguu mitatu ni ya kwenye maficho, yaani kibanda cha kujificha usionwe na ndege. Njiani beba ya mguu mmoja. Kwa garini, beba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu, ukifika ujaze mchele au maharage, na lenzi italala juu yake dirishani kama mtoto kwenye mto.

Betri za lithiamu husafiri kwenye begi la mkononi, siyo kwenye mzigo wa chini ya ndege. Ndege ndogo za kwenda kambini mara nyingi huruhusu kilo 15 tu na hutaka begi laini, kwa hiyo pima mzigo wote nyumbani.

Nguo ziwe za rangi ya majani makavu, zenye mikono mirefu. Palipo na mbung'o usivae bluu wala nyeusi, maana rangi hizo huwavuta. Katika misitu ya Madagaska na Borneo vaa soksi ndefu zilizofumwa kwa kubana, kwa ajili ya ruba. Dawa ya mbu yenye DEET ifute mikononi kabla ya kushika kamera, kwani huyeyusha plastiki na mpira.

Hatua ya 4: Unyevu ni adui wa kila siku

Asubuhi moja nilitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi nikaenda moja kwa moja bustanini, ambako kolibri, wale ndege wadogo wa Amerika wanaoning'inia hewani mbele ya ua, walikuwa wameanza kunywa. Nilipoinua kamera, lenzi ilikuwa nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikafuta. Ikarudi. Nikafuta tena, ikarudi tena, na ilipopata joto la nje mwanga mzuri ulikuwa umekwisha. Kioo kilichopoa kikikutana na hewa yenye joto na unyevu, maji hujikusanya juu yake, na hakuna kitambaa kitakachoyashinda mpaka kioo chenyewe kipate joto.

Dawa yake ni kuzima kiyoyozi usiku, au kuiacha kamera sehemu salama isiyo na kiyoyozi. Ikishindikana, toa begi likiwa limefungwa kabisa nusu saa kabla, na usilifungue mpaka vilivyomo vipate joto la nje. Usibadilishe lenzi mvua inaponyesha.

Unyevu una madhara mengine ya polepole, nayo ni kuvu. Huota ndani ya lenzi kama utando mwembamba wa buibui, na kuitoa ni kazi ya fundi. Weka pakiti za silika jeli kwenye begi, na kila baada ya siku chache zikaushe kwa joto, maana zikishajaa maji hazifanyi kazi tena. Jua likitoka mchana, fungua begi, toa vifuniko, vifaa vipigwe na hewa kavu.

Hatua ya 5: Zoeza vidole kabla hujaondoka

Wiki mbili kabla ya safari, piga njiwa. Piga kunguru wanaporuka. Lengo ni kwamba vidole vipate kujua kilipo kitufe cha kuongeza au kupunguza mwanga bila macho kuondoka kwenye kitundu cha kutazamia. Ndege akitua mbele ya anga jeupe, kamera itamfanya mweusi kama kivuli. Ongeza mwanga kwa +1 hadi +2. Yangeyange aliyesimama juani kwenye maji yenye kiza atapoteza manyoya yote, abaki doa jeupe. Punguza kwa −1. Mambo haya mawili yakiwa vidoleni, nusu ya kazi umeimaliza.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, zungumza na mwongozaji

Kaeni chini kabla ya kutoka. Mwambie unataka picha gani, siyo ndege wangapi. “Namtaka hondohondo anayeleta chakula, hata kama ndiye ndege pekee nitakayempiga leo” ni maneno yanayobadilisha mpango mzima wa siku. Mwongozaji aliyezoea watazamaji atadhani unachoka usipopata ndege wapya; mwondolee wasiwasi huo.

Kisha kubalianeni lugha ya kuelekezana. Kuna mtego mmoja unaotupata sisi Waswahili. Waongozaji wengi duniani huelekeza kwa uso wa saa: kumi na mbili ni mbele yako, tatu ni kulia, tisa ni kushoto. Kwetu saa tatu ni pale mshale mfupi unapokuwa kwenye tisa. Mwongozaji akinong'ona “saa tatu”, wewe ukageukia kushoto, ndege yuko kulia na ameshaondoka. Mimi huomba tutumie alama za mti: “shina jeupe, fuata hadi kwenye panda ya kwanza, tawi la kulia.” Na tawi likitajwa, litazame kwanza kwa macho matupu, ndipo uinue lenzi. Lenzi ndefu huona kipande kidogo sana cha msitu.

Hatua ya 7: Msituni, andaa picha kabla ndege hajafika

Kwenye sakafu ya msitu mnene hufika asilimia moja au mbili tu ya mwanga uliopo juu ya miti. Kamera yako itahisi ni magharibi hata saa nne asubuhi. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200, na usiogope 6400. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa zinaweza kusafishwa baadaye kwa programu, lakini picha iliyotikisika haisafishiki. Ndege aliyetulia tawini anaweza kupigwa kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, hata 1/125 kama kamera iko kwenye stendi. Piga mfululizo wa picha tano au sita, maana mara nyingi moja kati yake hutoka kali. Majani hurudisha mwanga wa kijani kwenye manyoya, kwa hiyo hifadhi faili ghafi (RAW), zisizochakatwa na kamera, ili urekebishe rangi jioni. Fokasi iwe ya nukta moja ndogo, la sivyo kamera itashika jani lililo mbele.

Hayo ni ya kamera. Jambo kubwa zaidi ni mahali unaposimama. Waulize waongozaji mti gani una matunda. Mkuyu uliozaa ni soko: hondohondo, shorobo, nyani na njiwa wa porini hupishana pale kuanzia alfajiri. Usisimame chini yake. Tafuta mwinuko, mteremko au mnara, ili uwe usawa wa matawi. Kisha chagua tawi moja lililo wazi, ambalo nyuma yake msitu uko mbali. Tawi likiwa mita mbili mbele ya majani, majani yataonekana. Likiwa mita ishirini mbele yake, yatayeyuka kuwa rangi tupu. Mara nyingi hatua moja kushoto au kulia inatosha kuondoa kijiti kinachopita kichwani mwa ndege. Pima mwanga kwenye tawi likiwa tupu, piga picha ya majaribio, itazame, rekebisha. Sasa kaa kimya.

Afrika kuna bahati nyingine, nayo ni siafu. Msafara wao unapotandaa kwenye majani makavu, panzi, buibui na mende hukurupuka kila upande, na ndege wa chini ya msitu, wale wenye rangi ya udongo ambao siku nyingine huonekana kwa kubahatisha, hufuata msafara kuwala wanaokimbia. Chomeka suruali ndani ya soksi, simama pembeni ambako msafara unaelekea lakini haujafika, na shusha kamera hadi usawa wa goti. Utasikia kwanza mchakacho wa majani kama mvua nyepesi. Kisha kitu kidogo kitaruka kwenye mzizi, kitashusha mkia, kitaganda. Huyo ndiye. Mwongozaji aangalie miguu yenu. Wewe angalia ule mzizi.

Hatua ya 8: Majini, kinamasini na kwenye mikoko

Mwanga ni mwingi hapa, shida ni mtikisiko. Kwenye mashua weka 1/1000 au zaidi hata kwa ndege aliyesimama, na kwa anayeruka 1/2000. Usikite stendi kwenye sakafu ya mashua inayonguruma. Shika kamera mikononi, mwili wako ndio unaomeza mtetemo. Mwombe nahodha azime injini mapema, mashua ielee polepole.

Kwenye mikoko na matope ya pwani kinachotawala ni maji. Yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali. Yanapojaa, ukingo wa tope husogea na ndege husogea nao kuja kwako. Fika muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, keti chini, na uache bahari iwalete. Wakati wa bamvua maji hupanda juu sana na hubakiza sehemu chache kavu, hivyo ndege husongamana. Maji mafu hayawasukumi hivyo.

Mfano mzuri wa subira ni korongo nyangumi, mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda, wageni hupelekwa kwa mitumbwi kumtafuta. Anaweza kusimama bila kutikisika kwa muda mrefu akisubiri kamongo apande kuvuta pumzi. Wengi hupiga picha ishirini zinazofanana, kisha huomba kuondoka. Waliobaki, kidole kikiwa kwenye kitufe, ndio humpata anapojitupa majini.

Hatua ya 9: Mbugani

Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili, kufika saa tatu limeshamaliza nusu ya njia ya utosini. Kwa hiyo uwe umeshafika kwenye maji au kwenye mti wanapotua ndege wa keremkerem kabla halijachomoza, siyo uwe unatoka kambini. Baadaye asubuhi ardhi huanza kutoa hewa ya moto, na mnyama wa mbali hutetemeka kwenye lenzi hata ufanye nini. Hapo piga walio karibu tu, au kapumzike.

Hatua ya 10: Maficho, vyombo vya maji ya sukari, na usiku

Kwenye misitu ya milimani ya Amerika kuna bustani zenye vyombo vya maji ya sukari kwa ajili ya kolibri. Wadogo hupiga mabawa zaidi ya mara 50 kwa sekunde, hivyo 1/3200 ndiyo mwanzo. Njia nyingine ni flashi kadhaa zilizopunguzwa nguvu hadi 1/16 au chini, kwa sababu mmuliko wake ni mfupi mno na ndio unaogandisha bawa. Usipige chombo, weka fokasi kwenye ua lililo karibu nacho, ndege huning'inia hapo.

Karibu na Mindo, Ekwado, mkulima mmoja aliwazoesha antpita, ndege wa sakafuni wanaojificha mno, kuja kula nyungunyungu anaowatupia. Wapiga picha hufika shambani kwake kutoka mabara mengine, na msitu wake bado umesimama. Chakula kilichowekwa kwa utaratibu namna hiyo sioni ubaya wake. Kumtupia bundi panya hai kando ya barabara ni jambo jingine, kwani huzoea kuwinda mbele ya magari.

Usiku, kwa vyura, punguza nguvu ya flashi na uilainishe kwa kitambaa cheupe. Usimguse chura kwa mikono yenye dawa ya mbu. Ngozi yake hunywa kila kitu.

Mipaka ya kutovukwa

Kiota kina hukumu yake: mzazi akiacha kurudi kwa sababu uko pale, ondoka mara moja, na majani yaliyokificha usiyakate. Sauti za ndege zilizorekodiwa zitumike kwa nadra, kwa sekunde chache, na palipokatazwa zisitumike kabisa. Dume anayejibu sauti hiyo anaacha kula na kulisha ili apigane na adui asiyekuwepo.

Kwa gorila wa milimani wa Uganda na Rwanda, wageni hawazidi 8 kwa kundi, muda ni saa moja, flashi hairuhusiwi, na mwenye mafua hapandi, kwa sababu magonjwa yetu huwapata. Kabla ya kuweka picha mtandaoni ya mnyama anayewindwa au ndege anayekamatwa kuuzwa, futa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili.

Kila jioni

Kabla ya kuoga, nakili picha kwenye diski mbili, na usizibebe begi moja. Usifute kadi mpaka uwe umefungua picha kadhaa kutoka kila diski ukaona zinafunguka. Weka betri kwenye chaja, futa lenzi, rudisha ISO na kasi kwenye mipangilio ya alfajiri, ili kamera iwe tayari gizani.

Kisha mwonyeshe mwongozaji picha tano za leo. Atakwambia kitu usichokiona: kwamba yule jike alikuwa amebeba unyoya mdomoni, maana yake kiota kiko karibu, na kesho saa kumi na mbili kamili atapita tena kwenye tawi lile lile. Muulize namba yake ya simu mapema, na ukirudi nyumbani mtumie picha hizo zikiwa katika ukubwa anaoweza kuchapisha. Ataonyesha wageni wajao ndege wake, kwenye miti anayoijua.